Kigoda Kikavu

Jumatatu, 7 Aprili

Daftari hili si langu, ni la goti la mama mkwe wangu. Tumepewa zahanati, jalada la kijani, na pale pa jina wameandika namba 14. Kila jioni natakiwa nimuulize Mama goti linauma kiasi gani, kuanzia sifuri hadi kumi, niandike namba, na chini yake kuna mistari mitatu ya maelezo. Mama hajui kuandika. Mimi niliishia kidato cha tatu, lakini mwandiko wangu mwalimu alikuwa akiwaonyesha wengine. Mistari mitatu hainitoshi. Kwa hiyo mbele nitaandika ya zahanati, na huku nyuma, ambako hakuna atakayesoma, nitaandika yangu.

Leo mvua ya kwanza imetukuta njiani. Daktari wa viungo ametoka chuo kikuu cha Ibadan, anaitwa Morenike, binti wa umri wangu, meno yake ya mbele yametangulia kama wageni wenye haraka. Alipomwona Mama alipiga magoti palepale kwenye sakafu yenye tope kumwamkia, akainuka na madoa mawili kwenye suruali nyeupe. Nikampenda.

Ametueleza. Ndani ya goti kuna gegedu, kile kitu cheupe kigumu tunachokitafuna kwenye ncha ya mfupa wa kuku. Cha Mama kimelika. Mashine aliyokuja nayo inatoa taa ya leza, nyekundu, ndogo kama punje ya pilipili, anaigusisha sehemu saba kuzunguka goti. Wote mnavaa miwani myeusi. Haichomi, haina joto.

"Dawa isiyochoma wala isiyo chungu," Mama akaniambia pembeni. "Hii itajuaje iende wapi?"

Halafu ikaja habari yenyewe. Hili ni jaribio. Nusu ya wagonjwa wanapata leza ya kweli, nusu wanapata taa inayowaka tu, nyekundu vilevile, lakini haina kitu. Nani kapata ipi imefungwa kwenye bahasha Ibadan. Hata Morenike hajui. Mara kumi na mbili, Jumatatu na Alhamisi, pamoja na mazoezi ya paja.

Mama amekubali. Ana sababu. Wanawake wa soko wamemchagua awe Iyaloja, mama wa soko zima, kuanzia safu ya pilipili hadi safu ya vitambaa. Jumamosi ya tarehe 23 Agosti, viazi vikuu vipya vikishaliwa, ataingia kwa Oba, mfalme wetu, apige magoti yote mawili chini, achomekewe majani ya akoko kwenye kilemba, ndipo awe. Oba hamvishi aliyekaa kwenye kiti wala aliyesimama. Na Mama hajapiga magoti misimu miwili ya mvua sasa. Tunaojua ni mimi na mume wangu Gbolahan. Watu wa vitambaa, ambao walikuwa na mgombea wao, wanahisi, wanamtazama miguu kila akipita.

Mtoto wangu Ewatomi ana wiki sita. Kwetu mjukuu huogeshwa na bibi yake: bibi anakaa kwenye kigoda, ananyoosha miguu, mtoto analazwa juu ya miguu hiyo, anasuguliwa, ananyooshwa mikono, anarushwa juu kidogo apate moyo. Kigoda cha Mama kimetundikwa kwenye msumari ukumbini. Namwogesha mimi kwenye beseni, Mama amekaa kwenye kiti kirefu ananisimamia.

"Unamwosha mtoto kama sahani, mke wetu." Kwetu mkamwana ni mke wa ukoo mzima, huitwa hivyo.

Namwogopa kidogo, huyu mama.

Jumanne, 8 Aprili

Nne. Mvua.

Alhamisi, 10 Aprili

Kwenye benchi la zahanati tumekutana na Mama Sikira, muuza pilipili, rafiki yake Mama tangu wakiwa wasichana. Yeye ni namba 9. Amemtazama Ewa mgongoni kwangu. "Huyu ndiye Ewa? Uzuri au maharage?" Maana kwetu jina hilo ukilivuta vibaya linakuwa maharage. Kila siku anasema hivyo na kila siku anacheka upya.

Tatu.

Alhamisi, 17 Aprili

Mbili. Nimempigia simu Gbolahan, yuko Kano na lori. Nikamwambia mama yako ameshuka kutoka nne hadi mbili kwa siku kumi tu. Nikasikia anapenga kamasi. Mwanaume mzima na lori lake.

Jumatatu, 21 Aprili

Pasaka, hakuna zahanati, zamu yetu imesogezwa hadi kesho. Mvua kutwa, kila kitu kimelowa, hata elubo, unga wa viazi vikavu ambao Mama anauza sokoni, umeanza kushikana. Kitu kikavu humu ndani ni kigoda peke yake.

Alhamisi, 24 Aprili

Moja. Nimeiandika kwa herufi kubwa. Lakini nimejiuliza, moja hii mbona haishuki kwenye kile kiti kirefu?

Jumamosi, 26 Aprili

Sijui nianzie wapi. Ewa amelala, acha niandike yote.

Nilikwenda kusagisha viazi vikavu, mashine ilikuwa na foleni, mvua ikanishika, nikakaa saa nzima. Niliporudi nyumba ilikuwa kimya. Nikaita. Sauti ya Mama ikatoka chumbani, ya chini: "Funga mlango wa nje kwanza."

Nikamkuta chini, kati ya kitanda na ukuta. Alikuwa amevaa kilemba chake cha bluu, kile cha sherehe, ametandika kitenge sakafuni, amepiga magoti. Alikuwa anafanya mazoezi ya kwa Oba. Alishuka, akashindwa kuinuka. Alikuwa hapo tangu nilipotoka, ameshika mguu wa kitanda kwa mikono miwili, na kitenge chote kimelowa jasho.

Nikamweka Ewa kitandani, nikamkamata Mama kwapani. Nilipomvuta hakupiga kelele, aliuma ncha ya kilemba. Tukajaribu mara tatu. Mwisho akasema, "Niache nianguke." Akajiviringisha upande kama gunia, tukamnyoosha mguu taratibu, akalala pale chini akitazama dari. Goti lilikuwa limejaa kama boga changa. Nikakaa chini karibu naye. Sijawahi kukaa naye hivyo, mabega yetu yako sawa.

"Mama, juzi umesema moja."

"Ndiyo."

"Jana moja."

"Wewe ulitaka niseme nini? Mtoto wa watu anatoka Ibadan na mvua hii, anapiga magoti kwenye tope, ananiuliza, habari ya goti, Mama? Nimjibu mbaya? Mimi nina wazazi walionilea."

"Ile si salamu, Mama. Ni swali."

"Habari ni salamu."

"Na mimi ninapokuuliza jioni?"

"Wewe unampelekea yeye. Nikikwambia wewe nimemwambia yeye."

Kwa kweli hata mimi siku niliyojifungua, jirani aliponiuliza hali, nilijibu nzuri, tunashukuru, na kichwa cha Ewa kilikuwa bado hakijatoka.

"Na ile nne ya siku ya kwanza?"

"Ile niliongeza, asije akadhani naidharau mashine yake."

"Uliongeza? Kwani ya kweli ilikuwa ngapi?"

"Adabu yangu ilitaka niseme moja, nikasema nne." Akavuta pumzi. "Ya kweli? Daftari lako linahesabu hadi ngapi?"

"Kumi."

"Basi daftari lako ni dogo."

Akageuza uso ukutani. Mabega yakaanza kutikisika, nikadhani anacheka. Hakuwa anacheka. Nikamfuta na kile kitenge. Huyu ndiye mama niliyekuwa namwogopa. Kumbe kila asubuhi akinikosoa kule bafuni, alikuwa anamtazama mjukuu wake kwa mbali, kwenye kiti alichofungiwa.

Nimeketi na daftari. Mbele nne, tatu, mbili, moja, mwandiko wangu mzuri kabisa, zote uongo. Nyuma ndiko kwenye ukweli. Nikisema, Mama ataaibika na labda watamtoa. Nisiposema, tarehe 23 Agosti ataaibika mbele ya mji mzima.

Jumapili, 27 Aprili

Namba sikuandika. Nimeacha nafasi tupu.

Jumatatu, 28 Aprili

Mama alitaka kwenda, hivyo tumekwenda, anakanyaga kama barabara ina miiba. Mama Sikira alikuwa benchini akijipepea.

"Mimi yangu sifuri," anasema. "Juzi sifuri, jana sifuri, na leo nitamwachia sifuri nyingine."

"Hongera," Mama akasema.

Ndani, Morenike akapiga magoti. "Habari ya goti, Mama?"

"Nzuri, mwanangu, tunashukuru."

Tukavaa miwani. Taa ikaguswa sehemu ya kwanza, ya pili. Kwenye ya tatu nikasema, na sauti haikuwa yangu, "Daktari, namba nilizokuandikia si za kweli."

Mama akanigeukia na ile miwani myeusi. "Mke wetu, mtoto analia huko nje."

Ewa alikuwa mgongoni kwangu, amelala fofofo.

Nikaligeuza daftari nyuma mbele, nikampa. Alisoma amesimama. Tarehe 7, tarehe 10. Nikamwona amefunika mdomo kwa mkono, na hapo ndipo nilipokumbuka yale niliyoandika kuhusu meno yake. Nilitamani sakafu inimeze na mtoto wangu. Lakini alikuwa anacheka, machozi yanamtoka. Alipofika tarehe 26 akaacha kucheka, akavuta kigoda chake karibu na kitanda cha Mama.

"Mama, benchi zima huko nje lina sifuri na moja. Wiki iliyopita niliwapigia wakubwa wangu nikawaambia taa hii ni ya ajabu. Kumbe si taa, ni malezi."

Mama akavua ile miwani.

"Nisikilize. Kama wewe umepata ile inayowaka tu, na umejiandikisha umepona, tukifungua bahasha hakuna atakayekupa ya kweli. Tutakupa hongera uende. Na kama una ya kweli na unanizawadia namba, tutawaahidi watu wengine kitu ambacho hatukijui."

"Kwa hiyo unataka nikulalamikie."

"Nataka uniambie."

"Mimi, mtu mzima, nikulalamikie wewe mtoto."

"Basi usiniambie. Mke wenu ataangalia." Akanigeukia. "Usimuulize tena. Andika anachofanya."

Akapiga simu Ibadan, akaongea muda mrefu akitembea huku na huko. Namba za zamani hazitafutwa, zimepigwa mstari wa bluu na maelezo pembeni, na tukio la Jumamosi likaandikwa. Mama anaendelea. Goti limefungwa bandeji, mazoezi yasimame wiki moja.

Njiani hakunisemesha. Mlangoni akasema, "Mama Ewa, nipishe." Hilo ni jina la watu wa nje, yeye hajawahi kuniita hivyo. Ni mke wetu siku zote. Nimelia jikoni, nikisingizia vitunguu ambavyo hata sikuwa navyo.

Jumanne, 29 Aprili

Mama Ewa, leta maji. Mama Ewa, mvua inaingia dirishani.

Alhamisi, 1 Mei

Nimepata namna ya kuandika. Kuna ngazi ya kukalia humu nyumbani. Juu kabisa kiti kirefu. Chini yake benchi. Chini yake ndoo ya rangi anayopimia elubo, akiipindua. Chini yake kigoda. Mwisho sakafu. Nitaandika pa chini kabisa anapoweza kukaa akainuka bila kushika kitu.

Leo: hakuna. Hata kiti ameshika ukuta.

Jumapili, 4 Mei

Amekula ugali wa amala na mchuzi wa ewedu, akaumwaga kwenye kilemba, akasema, "Mke wetu, niletee kitambaa." Nimemletea vitambaa vitatu.

Alhamisi, 15 Mei

Mara ya kumi na mbili, ya mwisho. Kiti, bila kushika ukuta. Hapo tu. Kutoka hapa ni kungoja bahasha.

Mama Sikira ametungoja mlangoni. "Mwenzangu, usihuzunike. Yangu mimi ndiyo leza yenyewe, nimeihisi inaingia. Wewe wamekupa tochi."

"Tochi inaona njia," Mama akajibu, lakini nyumbani hakula.

Jumatatu, 26 Mei

Kiti. Mvua.

Jumanne, 3 Juni

Kiti. Ewa amecheka kwa sauti, mara ya kwanza. Amemchekea Mama, si mimi.

Jumamosi, 14 Juni

Kiti. Watu wa vitambaa wamemtumia Mama zawadi, zulia dogo nene. Aliyelileta akasema, "La kupigia magoti, Mama, tunakujali." Mama akamshukuru sana, akampa maji baridi. Alipoondoka akalilaza mlangoni. "Tufutie miguu."

Jana nimemkuta anahesabu wiki kwa vidole. Amesema kama hadi katikati ya Agosti hawezi, atawaita wanawake mwenyewe awaambie wamchukue wa vitambaa. Hatakubali kubebwa mbele ya Oba kama kiazi.

Jumatatu, 30 Juni

Leo bahasha zimefunguliwa.

Tulikuwa wengi, mvua inapiga bati mpaka Morenike anasema kwa kupaza sauti. Anaita namba, mtu anaingia. Namba 14. Mama akashika mkono wangu, vidole vyangu vikafa ganzi.

"Ile inayowaka tu," Morenike akasema.

Mama akaachia mkono wangu. Halafu akaanza kucheka, polepole, kutoka tumboni, kilemba kikalegea. "Wiki sita," anasema, "wiki sita nimeiamkia tochi."

Na mimi nikafurahi mpaka nikaona haya. Maana ile ya kweli Mama alikuwa hajaionja bado. Kilichoshindwa kilikuwa tochi.

Morenike akafungua daftari, akapitisha kidole kwenye kiti, kiti, kiti. "Maumivu yapo, na yameandikwa. Waliopata isiyo na kitu na bado wanaumwa wanaanza ya kweli Alhamisi hii. Siwaahidi gegedu jipya. Taa haioteshi gegedu. Ikikubali, itapunguza maumivu, na maumivu yakipungua paja litafanya kazi yake."

Tukatoka. Namba 9 akaingia, mlango uko wazi kwa joto, kila mtu anasikia.

"Mama Sikira, na wewe ulipata inayowaka tu. Lakini kwenye daftari lako naona sifuri tangu Aprili. Umepona na taa isiyo na kitu, Mama, basi hongera sana, huhitaji tena."

"Ndiyo," Mama Sikira akasema. "Tunashukuru."

Akatoka. Kwenye kizingiti akasimama, akashika mlango kwa mikono miwili, akavusha mguu mmoja, akapumzika, akavusha wa pili. Hakumtazama mtu. Hakuuliza habari ya maharage.

Mama yangu akainuka kwenye benchi. Akaliacha benchi bila kushika, nimeona, naye hakujua kama ameliacha. Akamshika rafiki yake kiwiko, akamrudisha ndani.

"Mwanangu Morenike, muulize tena huyu. Lakini safari hii usimwamkie."

Morenike akaelewa. Hakupiga magoti. Alisimama wima kama askari, mikono kiunoni, akamuuliza kavu kabisa, bila hata jina: "Linauma ngapi?"

Mama Sikira akamtazama, mdomo wazi, kama mtu aliyetukanwa. Akamtazama Mama. Halafu akakaa.

"Saba," akasema. "Nikipanda ngazi, nane. Na mtoto wewe huna adabu."

Kicheko kilichotoka kwenye lile benchi kilishinda mvua. Wawili wengine wakanyoosha mikono wakitaka wao pia waulizwe bila kuamkiwa. Morenike alikuwa anaandika, anacheka, meno yote nje, na leo nayaona ni meno mazuri.

Leo: benchi.

Alhamisi, 3 Julai

Leza ya kweli, mara ya kwanza. Mama amesema haina tofauti yoyote na tochi.

Alhamisi, 10 Julai

Benchi. Anakandamiza kitenge kilichokunjwa chini ya goti, mara ishirini asubuhi, mara ishirini jioni, anamhesabia Ewa kwa sauti. Huyu mtoto atajua kuhesabu kabla ya kuota jino.

Alhamisi, 17 Julai

Amelala usiku kucha bila kugeuza mguu. Kaniambia mwenyewe, sikumuuliza. "Andika," akasema.

Jumatatu, 21 Julai

Ndoo. Alikaa kwenye ndoo ya rangi sokoni kama zamani, akampimia mtu elubo, akainuka kumfungia mfuko. Muuza vitambaa mmoja alikuwa anapita. Mama akakaa tena. Akainuka tena. Akakaa. Yule mwanamke hakununua kitu lakini alisimama muda mrefu sana.

Jumatano, 30 Julai

Ndoo. Mama Sikira pia ndoo. Wanashindana.

Alhamisi, 7 Agosti

Mvua imepumzika, kama kawaida ya Agosti. Mama ameshusha kigoda kwenye msumari. Amekifuta vumbi kwa kiganja. Amekaa, miguu ameinyoosha mbele, akaikunja, akainuka. Mimi nilisimama na Ewa uchi mikononi, maji tayari.

Akakirudisha ukutani.

"Bado, mke wetu. Kuinuka mikono mitupu si sawa na kuinuka na mtoto aliyelowa. Nikimwangusha sitapata mwingine."

Nikamwogesha kwenye beseni. Nikamsugua mgongo kama alivyonifundisha, kwa kiganja, kutoka kiunoni kwenda juu.

"Afadhali," akasema. "Sasa unaosha sufuria."

Jumatatu, 11 Agosti

Sakafu. Mara moja, chumbani, mlango umefungwa, mimi nimesimama mbele yake nikiwa Oba. Ameshuka goti la kulia, la kushoto. Ameinuka. Tumekaa kitandani wote wawili.

Jumatano, 13 Agosti

Ya mwisho ya leza ilikuwa juzi. Sakafu, mara tatu. Ya tatu limeuma.

Ijumaa, 22 Agosti

Gbolahan amefika na lori lake, amelipamba kwa maua ya plastiki. Mama kamwambia ang'oe.

Jumamosi, 23 Agosti

Naandika haraka kabla sijasahau hata kimoja.

Ua la Oba lilijaa mpaka kwenye kuta. Soko lote limefungwa. Watu wa vitambaa walikaa mbele kabisa, safu nzima, wamevaa sare ya zambarau, wanatazama chini kwenye mawe. Sakafu ya pale ni mawe matupu, hakuna zulia. Mimi nilikuwa kando ya nguzo na Ewa, Morenike pembeni yangu, amevaa kilemba kilichomshinda ukubwa.

Mama akaitwa. Akatembea kutoka mlangoni hadi mbele ya kiti cha Oba, na kilemba kile cha bluu, kile alichokiuma Aprili. Nikaona ncha yake bado ina alama. Akasimama. Goti la kulia likashuka. La kushoto. Akakaa juu ya magoti yake, mgongo wima, mikono mapajani.

Oba akanyoosha mkono apewe majani. Majani hayakuwepo. Mzee wa majani akageuka huku, akageuka kule, kumbe ameyaacha ndani kwenye bakuli. Akaondoka kwenda kuyatafuta, naye ni mzee, hana haraka.

Chumbani hatukuwahi kuzidi kuhesabu hadi ishirini.

Ewa akaanza kulia, nikampa ziwa la kushoto. Watu wa zambarau wakanyoosha shingo. Mmoja akasema, akijua anasikika, "Maskini, mpeni kitu akalie." Mama hakugeuka. Nilimwona shingoni tu, mshipa mmoja umesimama. Oba akamuuliza jambo kwa sauti ya chini, Mama akajibu, Oba akatabasamu. Mzee harudi. Ewa akamaliza ziwa la kushoto lote. Nikamhamishia la kulia. Morenike alinishika mkono, midomo yake inacheza, nadhani alikuwa anahesabu dakika.

Mzee akarudi na majani. Oba akayachomeka kwenye kilemba, moja kulia, moja kushoto, akasema maneno yanayosemwa, akamwita Iyaloja.

Wanawake wawili wakaja kumwinua, ndiyo desturi. Mama akanyoosha kiganja. Ngojeni. Akaleta mguu wa kulia mbele, kama alivyofundishwa, akaweka mkono juu ya paja lake mwenyewe, si kwa mtu, si kwa nguzo. Akatulia kidogo. Akainuka.

Vigelegele vilianza safu ya pilipili, nadhani ni Mama Sikira, maana ndiye mwenye koo. Vikaenda samaki, vikaenda elubo, na mwisho, nimeona kwa macho yangu, yule aliyesema apewe kitu akalie akafungua mdomo naye akapiga, mkono uko kifuani. Gbolahan alikuwa anapenga kamasi.

Nje, watu wamemzunguka, Morenike akajipenyeza. Akapiga magoti kwenye vumbi na nguo yake nzuri.

"Habari ya goti, Iyaloja?"

Watu wote wakanyamaza kusikia salamu inavyoitikiwa. Mama akaweka mkono kichwani kwake.

"Linauma tatu," akasema, kwa sauti ya sokoni. "Aprili lilikuwa halihesabiki. Leo ni tatu, na hiyo tatu ni ya kweli. Mke wetu, andika."

Nimeandika. Mbele, kwa mwandiko wangu mzuri.

Jumapili, 24 Agosti

Kesho Morenike anakuja kuchukua daftari. Kurasa za nyuma zimekutana na za mbele, imebaki hii moja.

Naandika nimekaa kwenye kiti kirefu cha Mama. Sijawahi kukikalia. Yeye yuko pale uani, majani ya akoko bado yamo kwenye kilemba, amekataa kuyatoa. Miguu ameinyoosha, Ewa amelala juu yake, mnene, anateleza kwa sabuni, anapiga maji kwa visigino. Mama anamnyoosha mkono wa kulia, mkono wa kushoto, anamwita majina ya sifa ya ukoo wao yote, mengine sijawahi kuyasikia. Sasa amemrusha juu kidogo. Sasa amemdaka. Sasa anamfunga kitambaa, anamweka kifuani, analeta mguu wa kulia mbele.

Ameinuka naye.

"Mke wetu," anaita, "njoo umchukue. Na hivi ndivyo mtoto anavyooshwa."

Naweka kalamu. Kigoda kimelowa.